Mguu wa Jaipur



Katika hospitali ya Sawai Man Singh, mjini Jaipur, Uhindi, fundi Ram Chandra Sharma aliwaona waliokatwa miguu wakipewa miguu ya bandia isiyokunjika kifundo. Mwenye nao hakuweza kuchutama, kuketi mkekani wala kwenda bila kiatu. Elimu ya shule ya Sharma ilikuwa ndogo. Lakini mwaka 1968 yeye na Daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu wa mpira na mti unaokunjika, ambao mtu aweza kulima nao, hata kusujudu.

Basi azuruye hospitali asistaajabie mitambo tu. Na amwulize mgonjwa: “Kwako waketije, na kazi yako ni ipi?” Hapo ndipo dawa ianzapo.