Kompyuta Haijakuita Mjinga

Leo nataka tuongee habari ya kujifunza kutengeneza programu za kompyuta. Najua utauliza: kompyuta na gazeti la afya, wapi na wapi? Subiri kidogo.

Fikiria uko kidato cha pili. Kompyuta ni moja, wanafunzi watano. Zamu yako imefika. Unaandika amri ulizofundishwa, unabonyeza, halafu skrini inakuletea mstari mrefu wa Kiingereza kigumu. Kumbe umesahau nukta mkato moja tu! Nyuma yako mtu anacheka. Mikono inatoka jasho, moyo unadunda. Unamwachia mwenzako kibodi, na kuanzia siku hiyo kazi yako ni kutazama. Mbaya zaidi, unarudi nyumbani na hukumu: "Mimi sina akili ya mambo haya." Umeona sasa afya inapoingia? Aibu ya namna hiyo hukaa rohoni muda mrefu, na wasichana ndio ninaowaona wakiibeba zaidi.

Mimi nasema lawama si zako peke yako. Chombo chenyewe hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanza.

Wapo walioliona hili zamani. Mwaka 1967, huko Marekani, Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye ikapata kobe wa kuchora, ambaye unamwambia aende mbele au ageuke. Ukimpa neno asilolijua, hasemi umekosea. Anajibu kwamba yeye hajui kufanya hivyo. Basi mwalimu ni wewe, asiyejua ni kobe!

Jaribu leo, hata umeme ukikatika. Shika chaki, tokeni uwanjani. Wewe ni kobe, rafiki yako anakuamuru. Mbele hatua 10, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Umechora mraba na umerudi pale pale. Sasa pembetatu yenye pande sawa. Wengi watasema geuka nyuzi 60, maana ndivyo hesabu ilivyosema kuhusu pembe zake. Tembea uone! Ukimaliza upande wa tatu utajikuta hatua 20 kutoka ulipoanzia. Mbona hivyo? Kwa sababu anayetembea hugeuka kwa pembe ya nje: 180 toa 60, yaani 120. Mara 3 ni 360, mzunguko kamili. Mtacheka, ndiyo, lakini mtacheka wote, na kosa limewafundisha kitu.

Siku hizi viko vyombo vingine vyenye moyo huo huo. Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, ina amri za vipande vya rangi vinavyoshikana kama matofali ya kuchezea. Nukta mkato huna haja nayo. Inafanya kazi hata kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Hedy ilianzishwa Uholanzi mwaka 2020 na Felienne Hermans. Hapo unaandika mwenyewe, ila unaanza na amri chache, alama ngumu zinakuja ngazi kwa ngazi. Zote mbili ni bure na zote zina Kiswahili. Kwa kidato cha pili mimi ningechagua Hedy, maana yule paka wa Scratch wengine watasema eti ni wa watoto wadogo. Mwulizeni mwalimu wenu.

Lakini chombo kizuri hakisaidii kitu kama mikono ni ya mtu mmoja kila siku. Wekeni zamu za dakika 10. Mwenye zamu ndiye anayegusa, wengine midomo tu. Na mwenzako akikwama, usimnyang'anye kibodi. Mwulize, "Ulitaka ifanye nini?" Kisha ngoja ajibu, hata kama ni dakika nzima.