Deni la Kiganjani na Heshima ya Mdaiwa

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.

Ndugu zetu katika imani, tumeombwa tuzungumzie riba katika zama hizi. Mada hii imesemwa mara nyingi juu ya mimbari, na aghalabu msikilizaji huondoka akiwa amefahamu kwamba benki ina riba, kisha hurudi nyumbani akijiona amesalimika kwa kuwa hana akaunti ya benki. Leo hatutaizungumzia benki ya ghorofani. Tutaizungumzia ile iliyomo mifukoni mwetu, ambayo muda mfupi uliopita tuliizima sauti ili isitukatishe swala.

Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Jambo hilo kwa asili yake ni halali, wala hatuoni shaka ndani yake. Mtu anatoa fedha, zinafikishwa kwa mwingine, na aliyezifikisha analipwa ujira unaojulikana. Mafakihi wanaijua hawala, wanaujua uwakala na wanaujua ujira tangu kale. Mfanyabiashara aliyekuwa akificha noti ndani ya soksi na kupanda basi usiku kucha kwenda kununua mchele Mbeya ameondolewa hatari kubwa. Tunalitanguliza hili kwa sababu miongoni mwetu wapo ambao kila chombo kipya kwao ni bid'a, na huko ni kuyachanganya mambo ya ibada na mambo ya ada. Chombo hakina hukumu mpaka ujue kinafanyiwa nini.

Basi kikafanyiwa hili. Mwezi wa Novemba 2012 Safaricom na benki iliyoitwa Commercial Bank of Africa walianzisha M-Shwari: mtu anakopa kwa kubonyeza simu, bila dhamana, bila kumwona mkopeshaji. Muda wa kulipa ukawa siku thelathini, na juu ya mkopo ikawekwa ziada ya asilimia 7.5. Ziada hiyo haikuitwa riba. Iliitwa ada ya huduma. Na anayeshindwa kulipa mwezi ukiisha huongezewa mwezi mwingine, na asilimia 7.5 nyingine juu ya kilichobaki.

Tusimame hapa kidogo, kwani hapa pana mengi. Aliyekopa shilingi elfu kumi akawa anaahirisha namna hiyo, bila hata kuizidisha ziada juu ya ziada, kwa mwaka mmoja atakuwa ametoa elfu tisa na deni lake la elfu kumi bado limesimama. Wanaosoma tafsiri ya aya za riba katika Suratul Baqara wanajua jinsi wafasiri walivyoieleza riba ya Majahiliya: muda ulipofika mdai alimwendea mdaiwa na kumpa moja kati ya mawili, alipe au aongeze. Tofauti tunayoiona sisi ni kwamba yule wa Makka alikwenda kwa miguu yake na huyu hutuma ujumbe saa sita ya usiku.

Watatuambia: lakini imeitwa ada, na nyinyi mmekubali kwamba ujira ni halali. Jibu limekwisha kutolewa na wanazuoni wa zama zetu. Majma'ul Fiqh ya kimataifa yenye makao yake Jidda, ambayo mwaka 1985 iliamua kwamba faida ya mikopo ya benki ni ile ile riba iliyoharamishwa, ilikutana Amman mwaka 1986 ikaulizwa juu ya ada za huduma katika mikopo. Ikajibu kwamba inajuzu kutoza gharama za kweli zilizotumika kuutoa mkopo huo, na kila kinachozidi gharama za kweli ni riba. Mizani ni hiyo. Gharama ya kumtumia mtu elfu kumi haibadiliki kwa kuwa amekaa nazo siku ishirini badala ya siku mbili. Ukiona ada inahesabiwa kwa siku, kama ilivyokuja katika Fuliza iliyoanzishwa Januari 2019, ambayo ina asilimia moja ya kuanzia kisha tozo ya kila siku mpaka ulipe, basi jua kwamba kinachouzwa hapo ni muda. Na ziada inayoshurutishwa juu ya mkopo, Ibn Qudama amenukuu katika Al-Mughni kwamba hakuna khilafu juu ya uharamu wake.

Wengine watatuletea fatwa iliyotoka kwa Majma'ul Buhuth ya Azhar mwaka 2002. Fatwa ile, ambayo wanazuoni wengi waliikataa, ilihusu watu wenye fedha wanaoziweka benki ili ziwekezwe wapate faida iliyopangwa. Haikumhusu mama anayekopa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Kuihamisha kutoka kule na kuileta huku si uadilifu hata kwa aliyeitoa.

Hata hivyo hatusemi kila deni la simu ni riba. Vijana hutuuliza kila mara juu ya kukopa muda wa maongezi, kama ule unaoitwa Okoa Jahazi, ambapo kampuni hukata asilimia kumi. Tunavyoona, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kampuni ile inauza huduma yake yenyewe kwa bei ya mkopo, na wengi wa mafakihi wamejuzisha bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu madamu bei imejulikana na haiongezeki mlipaji akichelewa. Hiyo ni biashara. Wapo walioona vinginevyo na wana hoja zao. Lakini asije mtu akajenga daraja la kutoka kwenye vocha mpaka kwenye fedha taslimu, kwani kuifananisha biashara na riba ndilo neno lililokemewa katika aya ya 275 ya Suratul Baqara.

Siasa nayo imeingia. Kenya, baada ya uchaguzi wa mwaka 2022, suala la mikopo ya simu lilikuwa kubwa kiasi kwamba tozo za Fuliza kwa viwango vidogo zikapunguzwa, nyingine hadi nusu, na tarehe 30 Novemba mwaka huo Serikali yenyewe ikawa mkopeshaji wa simu kwa mfuko ulioitwa Hustler Fund, kwa asilimia 8 kwa mwaka. Kupunguza dhulma si jambo la kudharauliwa, na masikini aliyepunguziwa tozo ana haki ya kushukuru. Ila tuutambue mjadala ulivyo: wanasiasa wanabishana juu ya kiwango, na sheria ya Mwenyezi Mungu inazungumzia kitu chenyewe. Aya ya 279 imemwachia mwenye kutubu rasilimali yake tu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halisemwi misikitini, nalo linatuuma zaidi. Kampuni kubwa tulizozitaja zina benki nyuma yake na Benki Kuu juu yake. Chini yake kumezuka programu nyingi za simu za kukopesha, ambazo watu wa mitaani wameziunganisha na mikopo mingine wakaipa jina linaloifaa: kausha damu. Programu hizi humwomba mkopaji ruhusa ya kuifungua orodha yake yote ya majina, naye kwa dhiki aliyonayo hubonyeza kukubali.

Mwaka 2024 ujumbe uliingia katika simu ya madrasa yetu. Ulimtaja mzazi mmoja kwa majina yake matatu, ukamwita tapeli, ukasema sisi ni wadhamini wake. Hatukumdhamini; namba yetu ilikuwamo katika simu yake kwa sababu mwanawe anasoma kwetu. Ujumbe huo huo ulikuwa umekwenda kwa mjumbe wa mtaa, kwa mteja anayenunua maandazi yake na kwa aliyekuwa mume wake. Alikuwa amekopa elfu hamsini. Zilizomfikia mkononi ni elfu thelathini na tano, nyingine zikakatwa kabla hazijamfikia, na alitakiwa arudishe hamsini kamili kwa siku saba. Ujumbe ulipotoka alikuwa amechelewa siku mbili. Alikuja madrasa kumwondoa mtoto, si kwa kukosa ada, bali kwa kuona haya kutuangalia usoni.

Tulipolieleza jambo hili mbele ya watu, kijana mmoja msomi alisema: deni ni deni, na mdai ana uhuru wa kusema kwamba anadai. Swali lake ni zuri, na Uislamu umelijibu kabla ya katiba zote. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alikuja kumdai Mtume (s.a.w.) ngamia, akamsemea kwa ukali, Masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Tazameni, huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu na kiongozi wa dola, na raia anamfokea mbele ya watu wake, naye anailinda haki ya raia huyo ya kusema. Watawala wetu waisome hadithi hii, na sisi wenye kuongoza jumuiya tuisome pamoja nao.

Lakini alimsemea nani? Alimsemea mdaiwa mwenyewe, usoni. Hakuzunguka Madina akiwatangazia waliopata kula pamoja naye. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai, mwenye uwezo anayechelewesha kulipa makusudi ndiye ambaye heshima yake na kuadhibiwa kwake vimehalalishwa. Bukhari amenukuu kutoka kwa Sufyan mpaka wa heshima hiyo: ni mdai kusema kwamba fulani amenichelewesha. Neno hilo tu, na tena kwa tajiri. Hajahalalishiwa tusi, wala uongo wa kuwaita watu wadhamini wakati si wadhamini. Na mwenye dhiki hayumo kabisa, kwani aya ya 280 imemwamrisha mdai amsubiri, na kumsamehe ni bora zaidi.

Kwa hiyo wanapotuambia kwamba hizi ni zama za uhuru wa kutoa maoni, twajibu kwamba Katiba yetu iliyotoa uhuru huo katika ibara ya 18 imehifadhi maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake katika ibara ya 16. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kenya walitangulia kidogo: kanuni zao za mwaka 2022 zilimkataza mkopeshaji vitisho na matusi, na kuitumia orodha ya majina ya mkopaji kuwatumia watu ujumbe anapochelewa. Haya ni mema, na Muislamu aliyedhalilishwa asione ni udhaifu wa imani kuyapeleka malalamiko yake kunakohusika. Aya ya 148 ya Suratun Nisaa imemtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kulidhihirisha neno baya. Uhuru wa kusema ni wake yeye kwanza.

Na lipo neno kwa vijana wetu waliosoma kompyuta. Hadithi ya Jabir katika Muslim haikumlaani mla riba peke yake. Imewataja pamoja naye mtoaji, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, ikasema wako sawa. Anayeiandika programu inayohesabu ziada hiyo, na anayekaa ofisini kupiga simu za kutukana watu kwa mshahara, ajitafutie nafasi yake katika hadithi hiyo.

Mdaiwa naye asidhani tumemfungulia mlango. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari mbili akajizuia kumswalia, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni hilo. Tunawajua wanaokopa asubuhi na jioni fedha zote zimekwisha kwenye mkeka wa kubeti, katika simu ile ile. Huyo ana haramu mbili kwa namba moja ya siri. Na anayekopa kwa ajili ya sare ya harusi, hatuna la kumwambia ila asikope.

Linabaki swali la yule mama: alipokuwa akihitaji elfu hamsini, aende wapi? Benki za Kiislamu zipo. Gulf African ilianza Kenya mwaka 2008, Amana ilianza kwetu mwaka 2011. Lakini biashara ya benki hizo ni murabaha wa magari na nyumba, na mtu wa maandazi hafiki dirishani. Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Msikiti wenye waumini mia mbili, kila mmoja akitoa shilingi elfu moja kila Ijumaa, kwa majuma hamsini na mawili unapata milioni kumi na laki nne. Hizo ni mikopo 208 ya elfu hamsini hamsini, kabla hata ya kurejeshwa na kukopeshwa tena. Uwe ni mfuko wa qardh hasan, uandikwe kama ilivyoamrishwa katika aya ya deni, na usajiliwe halmashauri kama kikundi chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ili kesho asije mtu kuuvunja au kuukimbia nao. Gharama ya daftari na vocha itozwe ilivyo, bila kuzidi. Majina ya waliokopa yakae kwa watu watatu, na yasisomwe kwenye kipaza sauti hata siku moja.

Na asiyelipa? Ikidhihirika kwamba ana dhiki, asubiriwe, na ikiendelea deni lake lilipwe katika fungu la zaka la wenye madeni, ambalo limetajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba na wengi hatujawahi kuliona likigawiwa. Ikidhihirika kwamba ana uwezo na anazungusha, wazee wawili waende nyumbani kwake baada ya Isha, wamkute peke yake, wamwambie kwamba amechelewesha haki ya watu.

Wabillahi tawfiq.