Mishahara Ipangwe Mchana



Wazee wa Old Moshi waligawana maji ya mfereji kwa zamu iliyojulikana na wote. Shirika la umma linapoajiri mshauri mwelekezi kupitia mishahara, lifuate busara hiyo. Mshauri hulinganisha vyeo na viwango. Uzito wa kazi anaujua aifanyaye. Ndiyo maana Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi. Basi baraza lione hadidu za rejea kabla ya mkataba kutiwa saini, na taarifa isomwe mbele ya tarishi na mkurugenzi. Ikidai kubana matumizi, wakubwa watangulie: Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20.