Mionzi ya Vita na Kibanja Chetu

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu, maafisa ugani, wahudumu wa afya na wafanyabiashara, Izimbya, Bukoba Vijijini



Nianze na jibu la swali ambalo najua litaulizwa. Vita vya Kagera havikuacha mionzi ya nyuklia katika ardhi hii. Majeshi ya Idi Amin yaliyovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakavunja daraja la Kyaka na kulibomoa kanisa la pale mlimani, yalikuja na mizinga, vifaru na mabomu ya kawaida ya ndege. Upande wetu tulijibu kwa mizinga na yale makombora ambayo Waganda waliyapa jina la saba saba. Zote hizo zilikuwa silaha za chuma na baruti. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba migomba yake inanyauka kwa sumu ya mabomu ya Amin, mjibu kwamba mnyauko huo unaletwa na bakteria, uliingia mkoani kwetu miaka ya 2000, na unazuiwa kwa kung'oa shina lililougua, kutoa ua dume kwa kijiti chenye panda na kuunguza panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Kama ndivyo, kwa nini tukae hapa kuzungumzia mionzi ya vita? Kwa sababu vita havina haja ya kupiganwa Kyaka ili mionzi yake ifike Izimbya, na pia kwa sababu urani ya vita vya kwanza vya nyuklia duniani ilichimbwa na watu wanaozungumza lugha hii tunayoizungumza.

Shinkolobwe

Karibu na mji wa Likasi, huko Katanga, upo mgodi unaoitwa Shinkolobwe. Mawe yake yalikuwa na urani nyingi kupita kiasi, mengine hadi asilimia 65, wakati migodi mingi ya dunia hufurahia kupata hata asilimia moja. Mwaka 1940 kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilisafirisha kiasi cha tani 1,200 za mawe hayo hadi New York, na Marekani ilipoanza mradi wake wa siri wa bomu, ikayanunua na kuagiza mengine. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Kongo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani likaangushwa Hiroshima, na siku tatu baadaye Nagasaki ikapigwa kwa bomu la plutoni, ambayo nayo hutengenezwa kutokana na urani. Inakadiriwa kwamba hadi mwaka ule unakwisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na 70,000 Nagasaki.

Manusura wa Japani walihesabiwa, wakapimwa, wakafuatiliwa. Uchunguzi wa watu wapatao 120,000 unaendelea hadi leo, na ndio unaotufundisha karibu kila tunachokijua: kwamba saratani ya damu ilizidi miaka michache tu baada ya mabomu, kwamba saratani za matiti, mapafu na tumbo zilikuja miongo baadaye, na kwamba watoto walidhurika kuliko watu wazima. Wachimbaji wa Shinkolobwe, waliobeba mawe kwa mikono na kuvuta vumbi lake, hawakufuatiliwa hivyo. Mgodi ulifungwa rasmi kabla ya uhuru wa 1960 na mashimo yakazibwa kwa zege, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti. Rais Joseph Kabila aliufunga tena kwa amri Januari 2004, na Julai mwaka huohuo ukaporomoka na kuua watu wanane. Mimi naona tofauti hiyo kati ya Hiroshima na Likasi ndiyo kiini cha mada hii. Pasipo kipimo cha awali, mgonjwa hana pa kuanzia madai yake.

Rweya, matandazo na maziwa

Bomu la nyuklia likilipuka hewani, au kinu cha umeme wa nyuklia kikipigwa vitani, vitu vitatu hutusumbua zaidi. Cha kwanza ni iodini yenye mionzi. Nusu yake huisha kila baada ya siku 8, lakini katika siku hizo ng'ombe hula majani yaliyoangukiwa, mtoto hunywa maziwa, na tezi ya shingo huipokea iodini hiyo kama inavyopokea madini joto ya kwenye chumvi. Baada ya ajali ya Chernobyl ya 26 Aprili 1986, maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati ule walipata saratani ya tezi hiyo, na chanzo kikubwa kilikuwa maziwa. Cha pili ni strontiamu, ambayo mwili huichukulia kama kalsiamu na kuihifadhi kwenye mifupa. Cha tatu ni sesiamu-137. Hii ndiyo ninayotaka maafisa ugani waisikilize kwa makini.

Nusu ya sesiamu huisha kila baada ya miaka 30. Baada ya miaka 60 bado imebaki robo. Mmea huivuta kwa mizizi ukidhani ni potasiamu. Na ni zao gani linalopenda potasiamu kuliko mgomba? Udongo wenye uchachu na upungufu wa potasiamu huachia sesiamu nyingi zaidi iingie kwenye mmea, na udongo wetu wa ukanda huu wa mvua kubwa ni wa namna hiyo, umesafishwa na mvua kwa karne nyingi.

Sasa ongezeni na kilimo chetu. Babu zetu hawakukiacha kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, kijitegemee. Walikata nyasi za rweya, yaani mbuga ya malisho iliyo nje ya vibanja, wakazitandaza chini ya migomba na mibuni. Ng'ombe walilishwa rweya, samadi ikamwagwa kibanjani. Rutuba ya eneo kubwa ilikusanywa mahali padogo kuzunguka nyumba. Ni utaalamu mkubwa, na sina nia ya kuubeza. Lakini njia inayobeba rutuba ndiyo hiyohiyo itakayobeba sesiamu. Mvua ikiishusha kwenye rweya, sisi wenyewe tutaikata, tutaifunga mizigo, tutaibeba kichwani na kuitandaza hatua chache kutoka jikoni. Senene tunaowala nao hula majani hayo.

Huu si uoga wa kitabuni. Mawingu ya Chernobyl yalipokutana na mvua juu ya milima ya Wales, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwenye kinu, sesiamu ilishuka kwenye malisho yenye udongo wa uchachu. Vizuizi vya kuuza kondoo wa baadhi ya mashamba ya huko viliondolewa mwaka 2012, miaka 26 baadaye. Na hatari ya kinu kupigwa vitani ipo hadi leo: tangu Machi 2022, kinu cha nyuklia kilicho kikubwa kuliko vyote Ulaya, cha Zaporizhzhia nchini Ukraine, kimekuwa mikononi mwa jeshi huku mapigano yakiendelea jirani yake.

Hata bila ajali ya kinu, majaribio ya mabomu yaliyofanywa hewani hadi 1980, yakiwemo ya Ufaransa kule Reggane, Algeria, kuanzia 13 Februari 1960, yalisambaza sesiamu dunia nzima. Ni chembe ndogo sana, na wataalamu wa udongo huzitumia kupima mmomonyoko. Mtu asiache kula ndizi kwa sababu hiyo. Ndizi ina mionzi yake ya asili itokanayo na potasiamu, na miili yetu imeizoea tangu zamani.

Risasi za urani

Katika vita vya Ghuba vya 1991 zilifyatuliwa takriban tani 300 za masalia ya urani, yale yanayobaki baada ya urani yenye nguvu kuondolewa. Ni mazito, hupenya vifaru, na yakigonga huwaka na kuwa vumbi. Wapo wanaoyalaumu kwa kila ugonjwa wa Iraki, na wapo wanajeshi wanaosema hayana neno. Siafikiani na upande wowote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipochunguza Kosovo, waliukuta uchafuzi mahali risasi zilipoangukia, si nchi nzima. Wakashauri zikusanywe na maji ya visima yapimwe. Vumbi hilo likiingia mwilini, figo huwa hatarini kwa sumu yake ya kikemikali hata kabla ya kuzungumzia mionzi.

Mapipa na vyuma chakavu

Hapa ndipo ilipo hatari iliyo karibu nasi zaidi. Aprili 2003, serikali ya Iraki ilipoanguka, wanakijiji wa jirani na kituo cha nyuklia cha Tuwaitha, kusini mwa Baghdad, waliingia kwenye maghala yasiyo na mlinzi. Walihitaji mapipa. Wakamwaga unga wa urani chini, wakayasuuza, wakaweka maji ya kunywa na maziwa. Mwaka 1997, huko Lilo nchini Georgia, askari 11 waliungua ngozi kwa vyanzo vya sesiamu vilivyoachwa kambini na jeshi la Kisovieti. Kimoja kilikutwa kwenye mfuko wa koti.

Mkoani kwetu tunaujua mwendo huo wa kuokota vitu vya vita kwa sura nyingine. Tarehe 8 Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, Ngara, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka, likaua wanafunzi 5 na kujeruhi zaidi ya 40. Bomu lile lilijitangaza kwa mlipuko. Chanzo cha mionzi hukaa kimya: hakinuki wala hakitoi moshi, na kikiwa ndani ya ganda la madini ya risasi chaweza kumvutia mnunuzi kwa uzito wake.

Mapendekezo yangu ni matatu. Walimu wafundishe alama ya mabawa matatu meusi kwenye rangi ya njano sambamba na somo la mabomu ya kuokota. Halmashauri iiombe Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ipime udongo wa rweya, udongo wa kibanja, maziwa na samaki wa Ziwa Ikimba sasa hivi, wakati kuna amani, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata. La tatu ni mizani za vyuma chakavu: chombo kizito kilichofungwa kabisa na kisichojulikana kimetoka wapi kisikatwe wala kuyeyushwa, bali watu wasogezwe mbali na polisi waitwe. Naomba mjadala uanzie hapo, kwa kuwa wanunuzi wa vyuma wapo humu ukumbini na wanajua kinachofika kwenye mizani yao kuliko mimi.