Mkanda wa Fundi na Kalamu ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama)



Yamkini wengine wenu, mlipoona katika tangazo ya kuwa karani atazungumza habari za mafundi wapandao nguzo za umeme, mlijiuliza: karani na nguzo, wapi na wapi? Naomba mnivumilie. Kabla sijakaa nitawaonyesha ya kuwa sehemu ya kazi hiyo hufanyika juu ya meza zetu.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Fundi hupanda nguzo ya mti kwa vyuma vyenye ncha alivyovifunga miguuni. Kiunoni huvaa mkanda mpana, na katika mkanda huo hufunga ukanda mwingine uzungukao nguzo, ili afikapo juu aegemee nyuma, mikono yote miwili iwe huru kwa kazi. Desturi hii ni ya zamani sana, nayo ina ila mbili. Ncha za vyuma zikiteleza, ukanda wa kawaida hauikazi nguzo, na fundi huteremka nao mpaka chini. Tena akifika penye mti uliokingama au waya, hana budi kuufungua ukanda ili aupitishe juu yake, na kwa muda huo hashikwi na kitu ila mikono yake mwenyewe.

Zaidi ya hayo uko umeme. Mshituko mdogo usioweza kumwua mtu aliyesimama chini waweza kumfanya aliye juu aachie mikono. Chama cha mafundi wa umeme wa Marekani kiliundwa katika mji wa St. Louis tarehe 28 Novemba 1891, na wajumbe 10 walioshika nafasi ya wanachama 286. Rais wao wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa nyaya. Mwezi wa Julai 1896, alipokuwa akifanya kazi juu ya nguzo mjini Washington, alipigwa na umeme, akaanguka, akafa. Sisi tulio katika chama yatupasa kuyafikiri hayo. Watu wale walikusanyika si kwa ajili ya mshahara tu, bali na kwa sababu ya vifo vya wenzao. Na hata Rais wao hakusalimika.

Mtu aangukaye mita 10 hufika chini kwa sekunde moja na nusu hivi, naye huwa na mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Hapati nafasi ya kushika kitu. Kwa hiyo lililo la kumwokoa lazima liwe limekwisha fungwa kabla hajateleza.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulichanganya. Iko kazi ya kumshikilia mtu asianguke, na iko kazi ya kumdaka aliyekwisha kuanguka. Mkanda wa kiuno wafaa kwa ile ya kwanza. Kwa ile ya pili ni hatari, maana humbana tumbo na uti wa mgongo kwa nguvu nyingi, au mtu hupinduka akachomoka ndani yake. Katika kazi za ujenzi Marekani ulikatazwa kutumika kwa kudakia tangu 1 Januari 1998. Mahali pake huvaliwa mkanda wa mwili mzima, upitao mapajani, kifuani na mabegani, wenye pete mgongoni. Kamba yake huwa na kitulizo, yaani ukanda uliokunjwa na kushonwa, ambao nyuzi zake hufumuka polepole mtu anapoanguka.

Hesabu yake si ngumu. Mtu akianguka mita 1.8, kisha akasimamishwa ghafla katika sentimita 10, mwili hupata nguvu ya mara 19 ya uzito wake. Akisimamishwa taratibu katika mita moja, nguvu hiyo kwa wastani haifiki mara 3. Lakini angalieni: kamba mita 1.8, kitulizo kilichofumuka mita 1, na toka mgongoni hadi nyayo mita 1.5, jumla mita 4.3. Aliyejifunga chini ya kimo hicho atafika ardhini kabla ya kamba kumfaa. Ndiyo sababu yafaa kamba ifungwe juu, wala si penye nyayo.

Wako wasemao kwamba fundi stadi hana haja ya kufungwa. Marekani kwa muda mrefu mafundi waliofunzwa waliruhusiwa kupanda bila kufungwa, kwa kutegemea ustadi wao. Kanuni ilibadilishwa mwaka 2014. Tangu 1 Aprili 2015 hulazimika kukingwa hata wanapopanda, isipokuwa mwajiri aonyeshe ya kuwa haiwezekani au kinga yenyewe italeta hatari kubwa zaidi. Ukanda wa kufanyia kazi hautakiwi kumwachia mtu aanguke zaidi ya mita 0.6. Ndipo zilipoenea kanda zijikazazo penye nguzo fundi ateleapo, na ukanda wa pili wa kufunga juu ya kizuizi kabla ya kuufungua wa kwanza. Ustadi ni mali ya fundi. Lakini nguzo iliyooza chini ya udongo, au mvua iliyolowesha mti, haumwulizi mtu amefanya kazi miaka mingapi.

Na kwetu, sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zimemwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa watu wake kazini. Walakini sheria haitembei yenyewe. Hupitia kwa makarani.

Mwenye kuandika hati ya kuagiza vifaa akiandika neno "mkanda" tu, bohari itanunua ulio rahisi, nao utakuwa wa kiuno. Na aandike ni wa namna gani na ni wa kazi gani. Mtunza bohari na ampe kila mkanda namba yake, aandike siku ulipoanza kutumika na siku ulipokaguliwa. Fundi naye aukague kila siku kabla ya kuuvaa. Uliokwisha kumdaka mtu usirudi rafuni kana kwamba ni mzima. Usiwekwe juani wala karibu na asidi ya betri.

Kisha iko fomu ya ajali. Mara nyingi penye sababu huandikwa "bahati mbaya", na watu wakasema ajali haina kinga. Mabwana, kinga ipo, nayo ina namba katika daftari. Tuulize: alikuwa amefungwa? Kwa mkanda wa namba gani? Chini alikuwapo nani wa kumteremsha? Maana mtu aningʼiniaye bila kujongea, damu humkusanyikia miguuni, na asipoteremshwa upesi aweza kufa ndani ya mkanda uliomwokoa. Mhenga alisema aliye juu mngoje chini. Huyu asingojwe, afuatwe.

Fundi akifa, sisi ndio tuandikao karatasi za mjane wake. Kila mmoja wetu aliyepata kuziandika ajua zilivyo nzito. Hati ya kuagiza mkanda ni karatasi moja, na mara nyingi hulala chini ya nyingine kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali shauri moja: kwamba kila mwanachama aliye katika ofisi yenye mafundi wa nyaya atazame kama daftari la mikanda lipo, na kama halipo alifungue, na majibu yaletwe kwa Bwana Katibu kabla ya mkutano ujao.