Kifaa cha Kupima Mionzi Nacho Hupimwa

Maelezo kwa wakazi kuhusu usalama wa vyumba vya eksirei



Mizani ya buchari hukaguliwa na kupigwa mhuri, kwa sababu ikikosea, mnunuzi huibiwa bila kujua. Mionzi ya eksirei haionekani wala haina harufu. Anayefanya kazi nayo hutegemea kifaa pekee. Je, kifaa hicho nacho kimekaguliwa?

Usiku wa Aprili 26, 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka katika uliokuwa Umoja wa Kisovieti. Vifaa vingi vilivyokuwa karibu havikuweza kusoma zaidi ya rontgeni 3.6 kwa saa. Vilifika mwisho wa uwezo wake, na nambari hiyo ikaripotiwa kwa wakubwa kana kwamba ndiyo hali halisi. Kumbe kando ya kinu mionzi ilikuwa maelfu ya mara zaidi. Vifaa hivyo havikuwa vibovu. Havikufaa kazi ile tu.

Kwa hivyo, la kwanza ni kuchagua kifaa kinachofaa. Kifaa cha Geiger ni chepesi na ni kizuri kwa kutafuta mahali penye mionzi. Lakini mashine ya eksirei hutoa mionzi kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na kifaa hicho huweza kuzidiwa kikasoma chini ya kiwango halisi. Kwa kupima mionzi inayopenya ukuta au mlango, chemba ya ioni hufaa zaidi. Mhudumu naye huvaa beji kifuani, ambayo baada ya mwezi mmoja hadi mitatu husomwa maabarani. Beji iliyosahaulika kwenye droo hupima mionzi ya droo.

La pili ni kukilinganisha kifaa na kiwango kinachojulikana. Maabara hukiweka mbele ya chanzo cha mionzi kilichopimwa kwa uhakika. Kiwango halisi kikiwa 10 na kifaa kisome 8, basi usomaji wake huzidishwa kwa 1.25. Kazi hii kwa kawaida hufanywa kila mwaka, na pia baada ya kifaa kutengenezwa. Hapa nchini, Shirika la Viwango, KEBS, lina maabara ya kazi hiyo.

Kimataifa, mhudumu hapaswi kupata zaidi ya wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka kutokana na kazi yake. Kifaa kinachosoma nusu kitaonyesha 15 ilhali amepata 30, naye ataendelea na kazi akidhani yuko salama.

Msiogope eksirei mliyoandikiwa na daktari; mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo sana. Ulizeni tu: kituo kina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA? Mhudumu amevaa beji? Kifaa cha kupimia kililinganishwa lini?