Macho ya Njano Juru: Neno kwa Wahitimu wa Udaktari na Uuguzi



Mgonjwa wa Juru, mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, akihitaji upasuaji mkubwa hutazamia Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Safari hiyo huanzia kwa mhudumu wa kwanza kumtazama. Homa ya kutetemeka ikija, kila mtu husema malaria, na mara nyingi ndiyo. Lakini ikiandamana na maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya njano, mhudumu makini huwaza nyongo. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alizieleza dalili hizo tatu mwaka 1877, na hadi leo hazidai mashine yoyote kuonekana.

Mara nyingi chanzo chake ni vijiwe vinavyoziba nyongo. Vile vya mfuko wa nyongo vilipata dawa mapema: Carl Langenbuch aliutoa mfuko mzima jijini Berlin mwaka 1882, na mgonjwa akapona. Vya ndani ya ini ni vikaidi. Hujificha kwenye matawi ya mirija ya nyongo, vingi vikiwa vya kahawia na laini, vilivyofinyangwa na nyongo iliyotuama na bakteria. Hata mnyoo wa tumbo aliyepanda na kufia humo anaweza kuwa kiini cha kijiwe. Ugonjwa huu umezoeleka zaidi Asia ya Mashariki, na ndiyo maana huku ni rahisi kuusahau.

Kuokota vijiwe peke yake hakutoshi.

Kwanza maambukizi yatulizwe kwa dripu na antibiotiki, na nyongo iliyoziba ifunguliwe njia. Kisha daktari mpasuaji hufungua mrija mkuu, akapitisha kamera nyembamba, akatoa vijiwe kimoja kimoja. Mrija uliosinyaa ukiachwa hivyo, vijiwe hurudi. Kwa hiyo sehemu ya ini iliyokwisha kuharibika, mara nyingi ya kushoto, hukatwa, kwani ikibaki inaweza hata kuzaa saratani. Na ini zima lililosalia hukua kufidia. Wengine huunganishiwa mrija na utumbo mdogo ili nyongo ishuke bila kikwazo. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, inayotaka damu ya akiba na mikono iliyozoea.

Wahitimu, mtakapopangiwa vituo vya vijijini, mfunueni mgonjwa kope kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuandika malaria. Mkiona njano pamoja na homa, barua ya rufaa iandikwe siku hiyo hiyo.